Gari Limegoma Kuwaka: Jinsi ya Kusaka Hitilafu ya Umeme Kabla ya Kununua Stata

Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake, na ya kwanza niliyoinunua kwa fedha yangu ilikuwa hasara tupu. Gari lilikuwa linatoa mlio mmoja tu, tak, kila nikizungusha ufunguo. Fundi akasikiliza, akasema stata imekufa, nami sikubisha. Tukafunga mpya, nikazungusha ufunguo: tak. Siku mbili baadaye, nikiwa mvunguni mwa gari natafuta mahali oili inapovujia, ndipo nilipouona ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa umeoza, nyuzi zimegeuka unga wa kijani, zimebaki tatu au nne. Nikabadilisha mkanda, gari likawaka papo hapo. Stata ya zamani ilikuwa nzima muda wote.

Tangu hapo nashika jambo moja: umeme wa stata hupimwa ukiwa kazini. Betri, waya na taminali (vibano vinavyoshika vichwa vya betri) huonekana vizima vikiwa vimepumzika, ubovu wake hujitokeza pale stata inapovuta. Hatua zilizo hapa chini zinaanza na zile zinazohitaji masikio tu, zinaishia na zile zinazotaka mita na mtu wa kukuzungushia ufunguo. Usiziruke ila pale utakapoelekezwa, maana kila moja inapunguza idadi ya washukiwa.

Kwanza jua umeme unapita wapi

Kuna njia mbili, nene na nyembamba.

Njia nene inatoka kwenye kichwa chanya cha betri, inapita kwenye waya mnene hadi stata, inaingia kwenye chuma cha injini, kisha inarudi kwenye kichwa hasi kupitia waya wa eathi. Hapa ndipo penye mzigo. Stata ya gari dogo la petroli huvuta kati ya ampea 100 na 250 hivi, na ya dizeli huvuta zaidi. Watu husahau kwamba safari ya kurudi ina uzito uleule wa safari ya kwenda: ampea zote zilizoingia kwenye stata lazima zipite kwenye eathi.

Njia nyembamba ni ya kutoa amri. Inaanzia kwenye betri, inapita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama ya gia au ya klachi, na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kisha inafika kwenye kituo kidogo cha solenoidi, ile silinda iliyobebwa mgongoni na stata. Solenoidi ikipokea amri hufanya kazi mbili kwa pamoja: inasukuma bendiksi (gia ndogo ya stata) ing'ate meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na inaunganisha vipande viwili vya shaba ili njia nene ifunguke kwa mota.

Ukielewa hivyo, swali lako linakuwa jepesi. Je, amri haifiki, au inafika lakini nguvu hakuna?

Kabla ya kugusa chochote

Vuta breki ya mkono. Weka gia nyutro, au P kwa gari la otomatiki. Vua pete na saa ya chuma, kwa sababu pete ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inawaka moto kidoleni. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na betri. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Nywele ndefu na nguo zinazoning'inia zikae mbali na feni na mikanda.

Vifaa si vingi: multimita ya kawaida, testa ya taa, spana za betri (mara nyingi namba 10), brashi ya waya na msasa.

Hatua ya 1: Sikiliza

"Gari haliwaki" ni maneno yanayobeba magonjwa mawili tofauti. Kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki, stata yako ni nzima na betri inatosha. Tafuta kwenye mafuta, plagi, sensa au mfumo wa ufunguo wa usalama. Mwongozo huu haukuhusu.

Kama injini haizunguki, au inazunguka kwa shida, mlio wenyewe unakuelekeza.

Kimya, na dashibodi iko giza: betri imekwisha kabisa, taminali imeachia, au fyuzi kuu imekatika. Kimya, lakini dashibodi inang'aa vizuri: amri haifiki. Nenda moja kwa moja hatua ya 2, kisha hatua ya 6.

Tak moja nzito: amri imefika, solenoidi imeruka, lakini mota haikupata nguvu au imekwama. Hapa ndipo stata nyingi nzima huhukumiwa bila kosa.

Tatatatata ya haraka: huu ni mlio wa betri dhaifu au taminali chafu. Solenoidi haihitaji nguvu nyingi kuruka, kwa hiyo inaruka. Ikisharuka, mota inadai mzigo wake, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia. Mzigo ukiondoka volti zinapanda, solenoidi inaruka tena. Mzunguko huo hujirudia mara kadhaa kwa sekunde.

Wiiiii, stata inazunguka peke yake na injini haitikisiki: bendiksi haing'ati au meno ya flaiwili yamelika. Umeme hauna kosa, stata lazima ishushwe.

Hatua ya 2: Washa taa kubwa

Washa taa za mbele, simama mahali unapoziona, au liweke gari mbele ya ukuta. Mwambie mwenzako apige stata.

Taa zikizimika kabisa au kufifia mno, nguvu inapotelea kwenye betri au kwenye taminali zake. Zikibaki vilevile bila hata kutikisika, hakuna kinachovutwa: tatizo liko kwenye njia nyembamba, ndani ya solenoidi, au njia nene imekatika kati ya betri na stata. Zikififia kiasi huku injini ikijikongoja, washukiwa ni betri, waya, au stata iliyochoka ndani.

Jaribio hili ni la nusu dakika, na bado naona watu wenye mashine za kisasa za kusoma kompyuta ya gari wakilipuuza.

Hatua ya 3: Taminali

Shika kila taminali kwa mkono uizungushe. Ikisogea, umeshapata jambo la kurekebisha. Taminali iliyokazwa vizuri haisogezwi kwa mkono. Utando mweupe au wa kijani unaonekana kwa mbali, lakini adui mkubwa ni ule weusi mwembamba unaojificha kati ya kichwa cha betri na taminali. Hauonekani mpaka uvitenganishe.

Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Sababu si mazoea. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha betri na bodi nzima kwa kipande cha chuma. Hasi ikishatoka, spana iliyo kwenye chanya inaweza kugusa bodi bila madhara. Wakati wa kurudisha, chanya inatangulia na hasi inamaliza. Kwenye baadhi ya magari redio hudai namba ya siri baada ya betri kufunguliwa, hivyo iwe nayo mapema.

Osha utando kwa maji yaliyochanganywa na soda ya kuokea, kausha, kisha sugua kichwa na sehemu ya ndani ya taminali mpaka risasi ing'ae. Kaza. Grisi hupakwa juu baada ya kukaza, haipakwi katikati kabla ya kukaza.

Hatua ya 4: Betri, kwa namba

Kama gari limetoka kutembea au betri imetoka kwenye chaja, volti za juu juu zitakudanganya. Washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, kisha pima kwenye vichwa vyenyewe vya betri.

Betri ya kawaida ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Hivyo betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Ikiwa imekaa kwenye chaja muda wa kutosha na bado inarudi kwenye 10.5 hivi, seli moja imekufa; hakuna chaja itakayoifufua.

Lakini namba hizo ni za mapumziko. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa imekaa kimya, kisha ikaanguka mara tu stata inapovuta. Acha mita kwenye vichwa, piga stata kwa sekunde kadhaa, tazama namba inashuka hadi wapi. Kwenye hali ya hewa ya wastani, isishuke chini ya 9.6. Ikishuka chini ya hapo ilhali ilianza na 12.6, betri imezeeka. Ikiwa ilianza na 12.1, usiihukumu bado. Ichaji kwanza, kisha rudia.

Na hapa tuheshimu stata kidogo. Cadillac walipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme ya Charles Kettering mwaka 1912, siri ilikuwa mota ndogo inayobebeshwa mzigo kupita kiasi, lakini kwa sekunde chache tu. Hadi leo iko hivyo. Usiipige zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na kila baada ya jaribio ipumzishe angalau nusu dakika.

Hatua ya 5: Volti zinazopotea njiani

Kama ningeruhusiwa kubaki na kipimo kimoja tu, ningechukua hiki. Ndicho kingeniokoa na ile stata.

Weka mita kwenye volti za DC. Badala ya kupima kati ya chanya na hasi, weka ncha zote mbili kwenye waya uleule, mwisho mmoja na mwisho mwingine. Waya mzima hupitisha umeme bila kuuzuia, kwa hiyo mita itasoma karibu sifuri. Waya mbovu, au kiungo kichafu, hubakiza volti, nawe utaziona kwenye mita. Volti hizo ndizo stata inazozikosa.

Ili injini isiwake wakati wa kupima, ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta.

Upande wa chanya: ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha betri, wala si kwenye taminali, na nyingine kwenye nati nene ya stata inayopokea waya wa betri. Piga stata. Isizidi volti 0.5. Upande wa eathi: ncha moja kwenye kichwa hasi, nyingine kwenye bodi ya stata au chuma kisafi cha injini. Piga stata. Isizidi 0.2 au 0.3 hivi.

Ukipata namba kubwa, gawanya njia vipande vipande: kichwa hadi taminali, taminali hadi mwisho wa waya, mwisho wa waya hadi chuma. Kipande chenye namba kubwa ndicho mgonjwa.

Kwa nini usipime waya kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani? Kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja utasoma sifuri kama waya mzima. Chukua ukinzani wa omu 0.02, ambao multimita ya kawaida haiwezi kuuona kwa uhakika. Pitisha ampea 150: zimepotea volti 3. Betri ikiwa na 10.5 wakati wa kuvuta, stata inapata 7.5. Utasikia tak, na utaambiwa ununue stata.

Tahadhari moja. Kipimo hiki kina maana pale tu umeme unapopita, au unapojaribu kupita. Kama gari liko kimya na solenoidi haijaruka, mita itasoma sifuri kila mahali, na sifuri hiyo haithibitishi uzima wa kitu chochote.

Kama huna mita, chukua waya mmoja wa kubusti (wa kuazima umeme kwenye betri ya gari jingine). Funga upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Injini ikizunguka kwa nguvu, eathi yako ya zamani ni mbovu. Dalili nyingine ya eathi mbovu ni kebo ya gia au ya mafuta kupata moto wakati wa kupiga stata. Umeme ukinyimwa barabara yake hutafuta uchochoro, na kebo hizo hazikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Hatua ya 6: Amri haifiki

Anza na yasiyohitaji kufungua kitu. Kwenye gari la otomatiki, toa gia P uweke N kisha jaribu. Swichi ya usalama huchakaa upande mmoja. Kwenye gari la manyua, kanyaga klachi mpaka mwisho, na angalia kama zulia halijakunjamana chini ya kanyagio. Tazama taa ya alama ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikiwaka isivyo kawaida, jaribu ufunguo wa akiba. Kwa gari la kitufe, shikilia rimoti karibu kabisa na kitufe. Kwenye magari mengi husomwa hata betri yake ikiwa imekwisha.

Bado kimya? Shika testa ya taa, bana klipu yake kwenye eathi, gusa kituo kidogo cha solenoidi (mara nyingi kimeandikwa 50 au S), kisha mwenzako azungushe ufunguo. Taa ikiwaka kwa nguvu na stata ikanyamaza, na njia nene umeshaihakikisha, basi stata au solenoidi yake ndiyo mgonjwa. Taa isipowaka, rudi nyuma kuelekea kwenye ufunguo.

Kituo kinachofuata ni rilei. Iguse kwa kidole ufunguo unapozungushwa, uisikie kama inaruka. Mara nyingi kuna nyingine yenye namba ileile kwenye boksi la fyuzi, labda ya honi, zibadilishane nafasi. Ikiwa rilei ni ya miguu minne yenye alama za kawaida, 85 na 86 ni za koili, 30 ni umeme unaoingia, 87 ni unaotoka kwenda kwa stata. Hakuna umeme kwenye 30: tafuta fyuzi. Koili haipati umeme au eathi: mshukiwa ni swichi ya ufunguo, swichi ya gia au klachi, au kompyuta iliyokataa kutoa ruhusa. Swichi ya ufunguo ikichakaa huwa na tabia ya kukubali ukiutikisa ufunguo kidogo.

Kuna wanaopenda kuunganisha vituo vya stata kwa bisibisi. Mimi sifanyi, na sikushauri. Cheche zake ni kubwa, na gari lililosahaulika kwenye gia litaondoka nawe ukiwa mbele yake.

Hatua ya 7: Stata yenyewe

Ukifika hapa kwa mpangilio, una haki ya kuishuku. Igonge taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akipiga. Ikiamka, mara nyingi kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka) zimekwisha. Itakufikisha nyumbani, lakini usiitegemee kesho. Stata inayogoma injini ikiwa ya moto na kukubali ikipoa nayo imechoka ndani, hasa ikiwa imefungwa karibu na bomba la moshi.

Kabla ya kuishusha, funga spana kwenye nati ya puli ya chini ya injini ujaribu kuizungusha kwa mkono. Isipozunguka kabisa gari likiwa nyutro, injini imekwama, na hilo si la umeme. Ukishusha stata, fungua hasi ya betri kwanza, kwa sababu ule waya mnene una umeme muda wote.

Hatua ya 8: Limewaka kwa kubusti, lakini betri ilikufaje?

Mpangilio wa nyaya: nyekundu kwenye chanya iliyokufa, kisha kwenye chanya nzima; nyeusi kwenye hasi nzima, na mwisho wake kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Cheche ya mwisho itokee mbali na gesi.

Injini ikiwa inanguruma, pima betri. Kawaida utapata kati ya 13.8 na 14.5, ingawa magari mapya hupandisha na kushusha kwa amri ya kompyuta. Ikibaki 12 na kitu hata ukiongeza mwendo, alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) haichaji: angalia mkanda, fyuzi yake, kisha yenyewe.

Ikiwa inachaji vizuri na asubuhi betri imekufa, kuna kitu kinanyonya usiku. Zima kila kitu, fungua hasi, weka mita kati yake na kichwa cha betri kwenye tundu la ampea 10. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Funga milango na subiri nusu saa au zaidi, kwa kuwa kompyuta za gari huchelewa kulala. Chini ya miliampea 50 ni sawa kwa magari mengi. Ukiona nusu ampea, hizo ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 itafika nusu kwa siku mbili na nusu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi yoyote, chomoa waya mnene wa alteneta, hasi ikiwa imefunguliwa, uufunge kwa plastiki, kisha pima tena. Daiodi iliyovuja ndani ya alteneta hunyonya usiku kucha bila kupita kwenye boksi la fyuzi.

Gari linalogoma mara moja moja

Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu likifika kwa fundi linawaka vizuri. Chukua taa ndogo ya volti 12, unganisha waya wake mmoja na kituo kidogo cha solenoidi kupitia fyuzi ndogo, mwingine na eathi, uipitishe mpaka ndani mahali unapoiona ukiwa umekaa kwenye usukani. Endesha kama kawaida, hata wiki tatu. Siku litakapogoma, usitoe ufunguo haraka, itazame taa. Ikiwaka, amri imefika: rudi hatua ya 5 na ya 7. Ikiwa giza, rudi hatua ya 6.